Mashine ya Mifuo na Baba Mkwe wa Nyuma ya Uzio

Haya, sogeeni. Mlio nje ingieni, na wewe mwenye mafua kaa karibu na mlango. Ndaga, asanteni kwa kuja. Ila leo asiniambie mtu "bibi, tuchekeshe", maana leo nimekasirika tangu asubuhi, na hasira yenyewe ni ya zamani kuliko wengi wenu humu ndani.

Nimepita pale wanapouzia vyombo. Nimekuta ndoo ya bati, nzuri, ina mifuo mitatu, ile mistari iliyobonyea inayozunguka ndoo ili isijikunje. Kijana muuzaji ananipigia kwa ukucha, ananiambia, "Bibi, mifuo hii ni akili ya Wazungu." Nikamwambia weka ndoo chini kabla sijakuvisha kichwani. Mifuo ya bati kwenye nchi hii, kuanzia Songwe mpaka chini ya milima ya Wakinga, ilianza na mimi. Mimi hapa, kwa mikono hii miwili. Mashine yake niliijenga mimi, ikazungushwa na maji, ikapiga kelele mpaka viboko wa ziwani wakahamia ng'ambo. Akachukua sifa mtu mwingine. Sasa kaeni niwaambie ni nani.

Mnajua mimi ni wa pwani, upande wa Matema, kwa Wakisi wafinyanzi. Mama yangu alikuwa akifinyanga chungu huku ananyonyesha, huku anagombana na jirani, na chungu kinatoka bila kovu. Mimi nikaolewa huku kwa Wanyakyusa, upande wa Mwaya, wakati Wajerumani wameshakaa. Mume wangu alikuwa mtu mpole, kuku akimdonoa yeye ndiye anaomba radhi. Kwa mume sina neno. Neno langu ni kwa baba yake.

Ninyi wa siku hizi mnakaa na baba mkwe meza moja. Wakati ule mwanamke wa Kinyakyusa hamwoni baba wa mume wake. Sisemi hamwangalii sana. Hamwoni kabisa. Akija njiani unaingia migombani. Jina lake hulitaji, sauti yako asiisikie ikimwelekea yeye. Ndiyo maana vijana waliooa walikuwa na kijiji chao, wazee na chao, na kati yetu kilipita kijito kinachoteremka kwa kasi kutoka milimani. Miaka minne ya ndoa nilimjua mzee yule kwa kikohozi tu. Kikohozi chake kilikuwa kama ng'ombe aliyemeza ndizi bila kutafuna. Nikikisikia natupa mtungi, naruka migombani. Mitungi niliyovunja kwa kikohozi kile, ukiipanga mmoja mmoja inafika Matema na mingine inaingia ziwani.

Mzee alijifunza kugonga bati kwa mafundi waliokuja kuezeka nyumba za wamisionari. Alijua kukata, alijua kukunja mshono wa ndoo usivuje, hilo namkubalia. Lakini mdomo wake ulikuwa mkubwa kuliko nyundo yake. Siku moja wazee wanakunywa pombe ya ulezi, kila mtu na mrija wake chunguni, akapita Mjerumani wa kituo cha ziwani na mkalimani wake. Mzee akasema, bila kuulizwa, kwamba yeye anaweza kutengeneza ndoo arobaini za bati ambazo hata tembo akizikalia hazikunjiki. Mjerumani akauliza amesema nini. Mkalimani akamwambia. Basi. Kesho yake mabati yakaletwa, mzigo mzima, na agizo la ndoo arobaini.

Ndoo ya kwanza akaijaza maji mbele ya yule Mjerumani, akainyanyua. Ikajikunja katikati kama mzee anayeumwa kiuno. Maji yote kwenye viatu vya bwana yule. Nasikia viatu vilikuwa vipya.

Mnadhani alimkamata mzee? Hakumkamata. Alimkamata mume wangu. Alisema mzee ana kazi ya kumaliza, kwa hiyo mtoto wake atawekwa pale kituoni kama mbuzi wa rehani. Mwezi mwingine ukiandama, kama hakuna ndoo arobaini zilizosimama imara, kijana atapanda milimani na wapagazi. Na wapagazi wa msimu ule tuliwaona wakipanda. Kushuka hatukuwaona. Wanaume wengine wa kijijini kwetu walipopata habari hizo waliingia wote kwenye matete kujificha, kijiji kikabaki cha wanawake na mbuzi.

Kwa hiyo mume wangu, ambaye hakunywa pombe ile, hakusema neno lile, hakuona hata viatu vile, ndiye amefungwa. Na mimi siwezi kwenda kumwambia baba yake hata nusu ya neno. Nilikaa jikoni nikawa nachemka kuliko ndizi zilizo jikoni. Nilimwambia mama mkwe, mwambie mumeo amemuuza mtoto wake kwa mrija. Mama mkwe akavuka kijito, akarudi. Nikamuuliza umemwambia? Akasema, "Nimemwambia unamsalimu."

Huyo ndiye mama mkwe. Mwanamke mnene, mwema, na mwongo kwa ajili ya heshima. Kila neno langu chungu likipita mdomoni mwake linatoka limepakwa asali. Mkumbukeni, maana tulikaribia kumpoteza kijana kwa asali hiyo.

Akili ya mashine niliipata njiani. Nilikuwa natoka Ikolo na kichwa kimejaa matusi. Mbele yangu gari la ng'ombe la wamisionari limebeba mabati, moja likaanguka, na gari la nyuma likalipanda. Chini palikuwa na mfereji mwembamba uliochimbwa na magurudumu ya siku zote. Gurudumu likalikandamiza bati ndani ya mfereji ule, likapita. Nikaenda kulinyanyua niwarudishie. Jamani, bati linalolegea kama jani la mgomba lilisimama mkononi mwangu kama ubao. Lina mfuo mmoja tu, lakini ukilivuta halikunjiki. Nikasema, kumbe ni hii. Kwani mimi chungu changu shingoni ninakizungushia mstari wa nini? Wengine wanadhani ni urembo.

Nikamwambia mama mkwe taratibu, kama namfundisha mtoto kuhesabu vidole. Gurudumu moja la chuma lenye mfereji, liwe chini. Gurudumu jingine lenye ukingo uliovimba, liwe juu, liingie kwenye mfereji ule. Bati lipite katikati. Kitu cha kuzungusha ni maji ya kijito, kwa gurudumu kubwa la mbao lenye vikombe vya mianzi, kama lile la kukatia mbao la wamisionari. Mama mkwe akavuka. Akarudi anatabasamu. "Mzee amefurahi sana. Amesema ameota wazo."

Ameota. Nilichukua mwiko nikaupiga kwenye kinu mpaka ukakatika. Lakini mume yuko kituoni na mwezi haungoji hasira zangu. Nikaendelea.

Mhunzi wa magurudumu alikuwa Mkinga, kule juu, wale waliokuwa wanafua majembe. Yeye Kinyakyusa alikuwa hajui vizuri, na mzee hakujua kumweleza kwa sababu ndoto yake ilikuwa haina vipimo. Nikafinyanga. Magurudumu mawili ya udongo, la juu na la chini, ukingo na mfereji, na tundu la mhimili, nikayachoma kama vyungu. Yakashikana bila kucheza. Mhunzi alipoyaona, nasikia aliyazungusha, akauliza nani amefanya hivi. Mzee akakohoa. Kikohozi hicho mhunzi akakichukua kuwa ndiyo jibu.

Magurudumu ya chuma yalishuka kutoka milimani vichwani mwa watu wawili. Msiulize uzito. Aliyebeba la chini alikuwa mrefu alipoondoka. Alipofika alikuwa ananifika hapa kifuani. Sisi wanawake tukayafunga kwenye magogo juu ya kijito. Mhimili wa gurudumu la maji ulikuwa huohuo uliobeba gurudumu la chini, kwa hiyo maji yakisukuma, la chini linazunguka. La juu likawekwa kwenye mti mrefu kama wenzo, ili ukikandamiza mwisho wa mti, gurudumu linauma bati. Kwanza tukafunga jiwe. Jiwe lilikuwa jepesi. Tukafunga mawili. Mwisho mama mkwe mwenyewe akapanda akakaa, na mashine ikauma kama mamba. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa uzito wa mashine, na sikuwahi kumsikia analalamika ila akisikia njaa.

Sasa kulisha bati kunataka watu wawili. Mmoja analisukuma upande huu, mwingine analipokea upande wa pili na kulivuta sawasawa. Wanaume wamo kwenye matete. Wanawake wengine wa kijiji wale wote ni wakwe wa wazee wa ng'ambo, na kila mmoja ana wake wa kumkimbia. Mwenye mikono inayojua mstari ulionyooka ni mimi peke yangu. Na upande wa pili ni nani? Ni yeye, bwana kikohozi.

Basi wazee wakakaa wakashauriana siku nzima, mume wangu anaoza kituoni, wao wanashauriana kuhusu uso wangu. Wakaamua ujengwe uzio wa matete katikati ya mashine, mrefu, mnene, na uachwe upenyo mwembamba wa kupitisha bati. Yeye ng'ambo, mimi huku, uzio katikati, mama mkwe kwenye mti wake anatuona wote wawili. Mmeona fundi wapi wa namna hiyo? Mashine moja, macho pande mbili, na ukuta katikati. Ni sisi tu. Mzungu hawezi kuifikiria hata akinywa pombe ya ulezi wiki nzima.

Maji yakafunguliwa. Kelele zile, ndizi zilidondoka zikiwa mbichi. Bati likaja kupitia upenyo, nikalipokea. Mfuo umekwenda kama nyoka aliyepigwa kichwani. Analisukuma limelala upande, mkono wake wa kushoto uko juu. Nikamwambia mama mkwe, mwambie ashushe mkono wa kushoto. Mama mkwe akageuka, akasema kwa sauti ya kanisani, "Mkwe wako anashukuru kwa bati."

La pili likaja limepinda. Nikasema, mwambie analala. Mama mkwe akamwambia, "Anasema upumzike kidogo, baba."

Akapumzika. Kweli alipumzika. Nilisikia anawasha kiko.

Tuliharibu mabati namna hiyo siku tatu. Nilitazama fungu nikaona mabati yaliyobaki mazima yanatosha ndoo arobaini, na bati moja tu la ziada. Mwezi umebaki kama ukucha. Tukiharibu mawili tu, mume wangu anakwenda milimani. Na ng'ambo ya uzio mtu anavuta kiko kwa sababu mimi nimemwomba apumzike.

Hapo ndipo niliposhindwa kuvumilia. Siwezi kusema naye, sawa. Pembeni yangu palikuwa na chungu, cha kwangu mwenyewe, cha maji ya kunywa. Nikakigeukia. Nikakiambia kwa sauti ambayo hata Mkinga yule mhunzi juu kule aliacha kufua:

"We chungu. Una macho kichwani au magotini? Bati unalishika kama mkia wa ng'ombe wa mtu. Mkono wako wa kushoto uko juu. Ushushe. Na zima hicho kiko, mtoto wako hayuko harusini."

Mama mkwe akafumba mdomo kwa mikono yote miwili, mti ukayumba. Mimi nasema sasa nimeiharibu ndoa, nimeharibu na mila, watanirudisha pwani na vyungu vyangu. Halafu nikasikia kiko kinagongwa kwenye gogo, majivu yanamwagwa. Bati likaja kwenye upenyo. Limenyooka. Nikalipokea, nikalivuta, mfuo ukatoka umenyooka kama uzi wa mvuvi uliobeba samaki.

Mimi sikumwambia mtu neno, nilisema na chungu changu. Nani wa kunikataza kusema na chungu changu?

Siku ile na siku zilizofuata chungu kile kilitukanwa kuliko mwizi. Nilikiambia chungu kimezeeka. Nilikiambia chungu kama mdomo wake ungekuwa unafanya kazi sawa na mikono yake tungekuwa tumemaliza. Nilikiambia na mambo yasiyo ya mabati, ya mrija, ya viatu vya Mjerumani, ya ndoto ambayo niliiota mimi halafu akaamka nayo mwingine. Miaka minne ya migombani ilitoka yote. Na bati likazidi kunyooka. Siku ya tatu yake nikasikia ng'ambo ya uzio sauti, mara ya kwanza kuisikia bila kukohoa, inasema polepole, "Chungu, mwambie aliyekufinyanga mti wa mama haukandamizi vya kutosha, mfuo unapiga juujuu." Nikatazama. Ni kweli. Nikamwambia mama mkwe asogee karibu na mashine, kisha nikakumbuka wenzo haufanyi hivyo, nikamwambia asogee mwisho kabisa wa mti. Mfuo ukazama. Sikumshukuru. Nilikiambia chungu, leo umesema kitu cha maana, andika siku. Na huko kuandika sisi wote hatujui.

Ndoo arobaini zikamalizika mwezi ungali ukucha. Mifuo mitatu kila moja, mshono wake, mifuo yangu. Mjerumani akaja mwenyewe kuziona, na mkalimani, na askari wawili, na mume wangu katikati yao amekonda, amebaki masikio. Mimi nyuma ya uzio nilimwona kwenye upenyo. Sitawaambia nilifanya nini usoni. Ilikuwa ni jasho.

Ndoo ikajazwa maji, ikanyanyuliwa, ikakaa. Ikamwagwa, ikageuzwa chini juu, askari mnene akaambiwa aikalie. Akakaa. Ndoo ikanyamaza kimya kama haikuona kitu. Mjerumani akacheka, akasema mume wangu aachiwe. Mume akavuka kijito akiruka kama mbuzi, akaja kusimama pembeni yangu, akashika kitambaa changu.

Mambo yangeishia hapo tungeenda kula. Lakini Mjerumani akaizunguka mashine. Akatazama magurudumu, akatazama maji, akamtazama mama mkwe juu ya mti wake, akauliza kupitia mkalimani, nani ametengeneza kitu hiki.

Na mzee, baada ya yote, baada ya chungu, baada ya siku zile, akatoa kifua. Nilisikia kifua kinatoka. Akasema, "Ni mimi, bwana. Niliota."

Hasira iliyonishika hapo, maji ya kijito yangekauka. Nilitaka nipasue uzio nipite kama ng'ombe. Mume wangu akanivuta kitambaa. Nikakiuma kwa meno.

Mkalimani akapeleka jibu, akarudi na jibu jingine. Bwana amefurahi. Amesema mtu mwenye akili hivi hafai kukaa kijijini. Mashine itafunguliwa leo, na aliyeitengeneza atapanda nayo milimani leoleo, akatengeneze ndoo za askari wa nchi nzima, na kurudi atarudi bwana akimruhusu.

Nilisikia mzee anameza mate, na safari hii mate yenyewe yalikuwa makubwa kuliko ndizi. Najua alichokuwa anafikiri. Akikubali, milima. Akisema ukweli, lazima amtaje mkwe wake mbele ya watu, jambo ambalo hakuna mzee wa Kinyakyusa aliyewahi kulifanya akabaki na uso, na tena watanichukua mimi, na mtoto wake amerudi sasa hivi tu. Mama mkwe juu ya mti, kwa mara ya kwanza, hana asali ya kupaka. Mkalimani akauliza tena, mzee, uko tayari? Mzee akakohoa. Akanyoosha mkono, ukapita kwenye upenyo wa uzio, kidole kinatafuta, kikatua pembeni ya mguu wangu.

"Mwambie bwana mimi hata sijui kitu," akasema. "Kila kitu kaniambia chungu. Kichukueni chungu."